Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya vitabu vya shule za msingi

Kwa waandaaji wa mitaala, wanaoidhinisha vitabu, na wanaoshika mfuko wa vifaa vya kufundishia.

YAH: MSIKATE HISTORIA NA MICHEZO KWA JINA LA KUSOMA

Waheshimiwa,

Matokeo ya upimaji wa kusoma yakitoka mabaya, waraka unaofuata tunaujua kabla haujafika shuleni: vipindi vya kusoma viongezwe. Siku ya shule haiongezeki, kwa hiyo vipindi hivyo hunyofolewa kwingine, na huko kwingine ni kwenye historia na michezo. Wanaolalamika ni wachache. Historia huonekana somo la kukariri miaka, linaloweza kusubiri madarasa ya juu. Michezo huonekana mapumziko. Mwalimu mkuu anafuta, anaandika ratiba upya, kazi inaendelea.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kama wenzangu wengi nafundisha karibu masomo yote. Naandika kuupinga waraka huo, pamoja na aina ya vitabu vinavyokuja nyuma yake. Mtoto wa darasa la tatu au la nne anayeshindwa kuelewa kifungu cha habari mara nyingi hakukosa vipindi vya kusoma. Amekosa vitu vya maana vya kusoma, na hajui mambo yanayozungumzwa ndani ya kile anachokisoma. Sehemu kubwa ya mambo hayo hukaa kwenye masomo mnayoyakata.

Kabla hamjasema sioni ukubwa wa tatizo: nauona. Mwaka 2022 Benki ya Dunia, UNESCO, UNICEF na wenzao walitoa makadirio kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama asilimia 70 ya watoto wa miaka kumi hawawezi kusoma na kuelewa habari rahisi iliyoandikwa. Kabla ya shule kufungwa kwa ajili ya UVIKO-19, makadirio yalikuwa asilimia 57. Hizo ni namba za kumkosesha mtu usingizi, na hofu ya ofisi zenu naielewa. Ninachogombana nacho ni dawa mnayoiandika.

Tuangalie kwanza kusoma kwenyewe. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walilieleza jambo hili kwa namna ambayo hadi leo walimu wa kusoma duniani wanaitumia. Kusoma kwa ufahamu, walisema, ni zao la mambo mawili: uwezo wa kugeuza maandishi kuwa sauti, na uwezo wa kuelewa lugha yenyewe inaposikika. Wakachagua kuzidisha badala ya kujumlisha, na hapo ndipo penye uzito. Ukijumlisha, upungufu wa upande mmoja unaweza kufidiwa na mwingine. Ukizidisha, sifuri ya upande wowote inafuta kila kitu. Mtoto anayesoma herufi zote bila kuelewa lugha na mambo yaliyomo amepata sifuri, sawa na yule anayeelewa kila kitu akisimuliwa lakini hawezi kusoma herufi.

Upande wa kwanza wa hesabu hiyo tunaufanyia kazi kubwa. Chati za herufi tunazo, kadi za silabi tunazo, viongozi vya mwalimu vya hatua za mwanzo vipo, na ni sawa viwepo. Katika lugha zinazoandikwa jinsi zinavyotamkwa, kazi hiyo huzaa matunda upesi kabisa. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003 ukilinganisha Kiingereza na lugha nyingine 12 za Ulaya, ulionyesha kwamba watoto wa lugha kama Kifini walikuwa wanasoma karibu kila neno sawasawa mwishoni mwa mwaka wa kwanza, huku wale wa Kiingereza wakiwa bado nyuma sana. Kiswahili nacho, kila mwalimu wa darasa la kwanza anajua, kikifundishwa vizuri mtoto huanza kusoma kwa sauti mapema.

Ila wepesi huo una mtego. Mtoto anasimama mbele ya wageni kutoka ofisini, anasoma ukurasa mzima bila kukwama, sauti nzuri, nukta anaziheshimu. Wageni wanapiga makofi na kuandika kwenye fomu kwamba anajua kusoma. Hakuna anayemwuliza kilichosemwa kwenye ukurasa ule. Angeulizwa, pangekuwa kimya. Kasoro hii haionekani darasa la kwanza wala la pili, kwa kuwa vitabu vya madarasa hayo vinasema mambo ambayo mtoto keshayajua nyumbani. Inajitokeza pale habari zinapoanza kuhusu mambo asiyoyajua. Jeanne Chall wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza jambo hilo tangu mwaka 1983: kuna kipindi mtoto anajifunza kusoma, kisha kinakuja kipindi anasoma ili ajifunze, na wengi huanguka katikati ya viwili hivyo.

Sasa niwaletee jaribio ambalo ningependa kila anayeidhinisha vitabu alijue. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie, waliwachukua wanafunzi 64 wa darasa la saba na la nane wakawagawa makundi manne. Walitumia vipimo viwili: je, mtoto huyu ni msomaji mzuri au dhaifu kwa mujibu wa mtihani wa kusoma, na je, anaujua mchezo wa besiboli au haujui? Wote wakapewa habari moja inayosimulia sehemu ya mechi ya besiboli. Mbele yao ikawekwa modeli ya uwanja na sanamu ndogo za wachezaji, wakatakiwa kuonyesha kilichotokea kwa kuzisogeza sanamu, kisha wasimulie kwa maneno yao.

Waliokuwa dhaifu katika kusoma lakini wanaujua mchezo waliwashinda wasomaji wazuri wasioujua. Waliwashinda kwa mbali. Tena wasomaji dhaifu wenye kuujua mchezo walikaribiana na wasomaji wazuri wenye kuujua mchezo. Yaani wale ambao shule ilikuwa imewabandika jina la wasioweza kusoma waliweza vizuri tu, mradi habari iwe ya jambo wanalolifahamu.

Lisomeni jaribio hilo mkifikiria madarasa yetu. Yule anayekokota kifungu cha habari neno kwa neno, akienda uwanjani anakueleza kwa nini bao limekataliwa kwa kuotea, nani alikuwa amesimama wapi, na refa alipaswa kuamua vipi. Akili ya kufuata mambo magumu kwa mpangilio anayo. Lugha ya kuyaeleza anayo. Hakuna kitabu tulichompa ambacho kingezitumia.

Wenzetu wameshaijaribu dawa ya kukata. Sheria ya elimu ya Marekani iliyotiwa saini Januari 2002 iliagiza watoto wa darasa la tatu hadi la nane wapimwe kila mwaka kusoma na hisabati. Wilaya nyingi za shule zikafanya ambalo mtu yeyote angelifanya akiwa na mtihani mgongoni: zikaongeza muda wa masomo mawili hayo na kupunguza maarifa ya jamii, sayansi, sanaa, elimu ya viungo, hata mapumziko. Kisha mwaka 2020 taasisi ya Thomas B. Fordham ikatoa uchambuzi wa takwimu za watoto waliofuatiliwa kuanzia darasa la kwanza hadi la tano. Muda wa ziada wa somo la lugha haukuendana na kupanda kwa uwezo wa kusoma. Somo ambalo muda wake wa ziada uliendana waziwazi na kupanda huko lilikuwa maarifa ya jamii, ambamo historia imo. Uchambuzi wa aina hii unaonyesha mambo yanayokwenda pamoja, hauthibitishi kwamba moja limesababisha jingine, na mimi sitauvutia mahali usipofika. Lakini anayetaka kukata historia ili kuinua kusoma ndiye mwenye mzigo wa kuleta ushahidi, na sijaona akiuleta.

Niingie kwenye vifaa vyenyewe. Vitabu vya kusoma vya hatua ya mwanzo, vile vya sentensi fupi zenye silabi walizojifunza watoto wiki hiyo, sina ugomvi navyo. Watu huvicheka kwamba havina maana, na kweli hadithi yake ni nyepesi, lakini kazi yake ni kumzoesha mtoto kuunganisha sauti, na vinaifanya vizuri. Ugomvi wangu ni kwamba vinaendelea kuwa hivyo hivyo hadi darasa la nne. Sungura na fisi. Siku ya usafi. Mtoto mtiifu na mtoto mkaidi. Kifungu cha maneno mia moja na hamsini, maswali matano, jibu la kila swali limekaa kwenye sentensi moja unayoweza kuinakili bila kuielewa. Wiki inayofuata mada nyingine kabisa, isiyohusiana na ya jana. Mtoto hajengi chochote juu ya chochote.

Kitabu cha historia kina tatizo la kinyume. Kimejaa mambo, lakini yamebanwa hadi hayasomeki. Kinaanza kwa fasili, zinafuata sababu sita za jambo fulani zilizopewa herufi, kisha matokeo sita. Hakuna mtu anayetembea ndani yake, anayeogopa au anayekosea. Mtoto anakariri sababu ya nne bila kujua nani alikufa. Na michezo? Michezo haina kitabu. Ina mpira mmoja, filimbi, na mara nyingine kamba ya kuruka. Ukurasa wa kusoma hakuna, picha hakuna, kanuni za mchezo ziko kichwani kwa mwalimu kama anazijua.

Hebu chukueni mfano mmoja muone tunachokipoteza kwa kuvitenga vitabu hivi vitatu.

Tarehe 10 Septemba 1960, mjini Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki akikimbia peku. Hilo wengi wanalijua, na kama kitabu cha michezo kingekuwapo kingeishia hapo. Sasa liongezeeni historia. Miaka 25 kabla ya hapo, mwaka 1935, majeshi ya Italia yaliivamia Ethiopia. Mwaka 1937 Waitalia waliichukua nguzo kubwa ya jiwe ya Aksum, iliyochongwa karne nyingi zilizopita, yenye urefu wa kama mita 24, wakaisafirisha na kuisimamisha Roma kama ngawira. Mbio za 1960 zilianza jioni na kumalizika usiku, askari wakiwa wameshika mienge kandokando ya njia. Njia hiyo ilipita karibu na nguzo ile. Bikila alikuwa bega kwa bega na Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko. Ni karibu na nguzo ya Aksum, mwisho wa mbio ukiwa umekaribia, ambapo Bikila alichomoka na kumwacha mwenzake. Alimaliza chini ya Tao la Konstantino kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda ambao hadi siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa ameufikia katika marathoni. Mwanajeshi wa kikosi cha ulinzi wa mfalme wa Ethiopia alikuwa ameshinda katika mji mkuu wa nchi iliyowahi kuivamia nchi yake. Nguzo ilirudishwa Ethiopia mwaka 2005.

Mpeni mtoto wa darasa la nne habari hiyo, kwa sentensi zake, na ramani mbili na picha ya nguzo. Atataka kujua nguzo yenye uzito wa tani zaidi ya 150 inasafirishwaje. Atauliza kwa nini hawakuirudisha mapema. Mwingine atauliza miguu haikumwuma? (Viatu vilivyokuwapo ndivyo vilivyokuwa vinamwuma, na mazoezi ya peku aliyazoea.) Anayependa hesabu atagawanya kilomita 42 na mita 195 kwa muda ule, kisha mtatoka nje mkapime mita mia moja mjaribu kuikimbia kwa mwendo wake. Watashindwa kuudumisha hata kwa dakika chache, na hapo ndipo namba iliyokuwa kwenye karatasi itaingia mwilini. Wiki ya pili waletewe habari ya Tokyo 1964, alipotetea ushindi wake, safari hii akiwa na viatu, wiki chache tu baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Habari hii ya pili wataisoma kwa wepesi kuliko ya kwanza hata kama maneno yake ni magumu zaidi, kwa sababu mtu wanamjua, mchezo wanaujua, na msamiati wa marathoni umeshakaa.

Kwa utaratibu wa sasa, vita vya 1935 viko kitabu kimoja katika darasa la juu, urefu wa marathoni hauko popote, na kipindi cha kusoma kina sungura.

Historia ina zawadi nyingine kwa msomaji ambayo hadithi za kubuni haziitoi, nayo ni kumfundisha kuliuliza andiko limetoka wapi. Mwaka 1991 Sam Wineburg alichapisha utafiti uliowaweka wanahistoria wanane na wanafunzi wanane wa sekondari mbele ya nyaraka zile zile kuhusu pambano moja la mwaka 1775. Wanahistoria, kabla ya kusoma yaliyomo, walitazama nani ameandika, lini, na alikuwa upande gani. Wanafunzi walianza mstari wa kwanza wakaenda hadi wa mwisho, wakichukulia kila andiko kama linavyosema. Hao walikuwa wanafunzi wazuri. Hawakuwahi kufundishwa, basi. Siku hizi kila mtoto atakua akipokea maandishi na picha kwenye simu kutoka kwa watu asiowajua. Sioni kwa nini tungoje sekondari.

Wala haihitaji mambo makubwa. Mwaka 1944 askari wa Australia aliyekuwa zamu kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota sarafu tisa mchangani. Nne zilikuwa za Kiholanzi. Tano zilikuwa za Kilwa, zilizogongwa enzi masultani wa Kilwa wanatoa sarafu zao za shaba. Zilifikaje huko, ng'ambo ya bahari nzima? Wataalamu wana dhana kadhaa na hawajakubaliana. Mpe mtoto picha ya sarafu, ramani ya Bahari ya Hindi, maelezo mafupi ya pepo za msimu, na dhana mbili tatu za wataalamu, halafu mwache achague na ajitetee kwa maandishi. Kitabu kinachokiri kwamba jibu halijulikani humfanya mtoto asome kwa makini zaidi ya kile chenye majibu nyuma.

Kwa upande wa michezo, ningeomba mfikirie kanuni za mchezo kama somo la kusoma. Andiko la kanuni ni fupi, kila neno lina kazi, na ukilielewa vibaya uwanja unakuumbua papo hapo. Desemba 1891, huko Springfield, Marekani, mwalimu James Naismith alitakiwa kubuni mchezo wa ndani kwa vijana waliochoshwa na mazoezi ya viungo ya majira ya baridi. Aliandika kanuni 13, akatundika vikapu viwili vya matunda, mchezo ukaanza. Vikapu vilikuwa na kitako, kwa hiyo mpira ukiingia ilibidi mtu apande kuutoa, na mechi ya kwanza iliisha bao moja kwa bila. Moja ya kanuni hizo ilikataza kukimbia na mpira mkononi. Gaweni kanuni hizo zilizoandikwa kwa lugha rahisi, watoto wazisome kwa makundi, watoke wacheze kwa kuzifuata zilivyo, kisha warudi waseme ipi haieleweki na waiandike upya. Hapo kuna kusoma, historia na jasho katika kazi moja. Na kuandika kuna sababu: wenzao wa darasa la pili ndio watakaozitumia kanuni walizoziboresha.

Msisahau pia mdomo. Watoto wanaotangaza mpira wakati wa mapumziko, wakiiga sauti za watangazaji, wanatumia lugha ngumu kuliko iliyomo katika kitabu chao cha kiada. Wana tamathali, wana nyakati za vitenzi zinazobadilika kwa kasi, wana majina ya mitindo ya kupiga na kupasia. Tukiwaachia dakika kumi za kutangaza mbio za kupokezana vijiti zinazokimbiwa na wenzao, kisha waandike taarifa ya mashindano kwa ajili ya ubao wa matangazo, tumepata insha ambayo mtoto hakuuliza aandike nini. Asiyeweza kukimbia kwa sababu ya ulemavu au ugonjwa hapo ana kazi kamili, tena ya heshima, badala ya kukaa kivulini akilinda sweta za wenzake.

Najua kuna mahali mtanipinga. Mwalimu wa darasa la pili atauliza: mtoto hajamaliza silabi, unamletea Bikila? Simletei ayasome peke yake. Silabi ziendelee kila siku kwa utaratibu wake, nami nitakuwa wa mwisho kutetea kuziruka. Lakini katika miaka hiyo masikio yako mbele ya macho kwa mbali. Mtoto anaelewa akisomewa mambo ambayo hawezi bado kuyasoma. Mwalimu amsomee. Ule upande wa pili wa hesabu ya Gough na Tunmer unajengwa kwa kusikiliza na kuzungumza miaka miwili mitatu kabla ya kuhitajika. Kinachokosekana ni kitabu cha mwalimu cha kusomea watoto kwa sauti, chenye habari za kweli zilizopangwa kwa mada, na sijui ofisi iliyowahi kutuletea.

Wengine watasema historia ina siasa, afadhali sungura maana hana chama. Hofu hiyo ndiyo iliyotupa vitabu visivyo na ladha. Kuna historia ya kutosha ya kusafiri, ya ugunduzi, ya ufundi, ya magonjwa na ya michezo kabla hatujafika kwenye yanayowagombanisha watu wazima, na hata hayo, mtoto aliyezoea kuuliza andiko limetoka kwa nani atayastahimili kuliko sisi.

Kuhusu gharama nitasema machache. Vitabu vingi vya rangi kwenye karatasi ya kung'aa vimeletwa shuleni kwa idadi ambayo watoto wanane wanagombania kimoja, na mwalimu akikitoa fotokopi picha inageuka doa jeusi. Chapeni kwa michoro ya mistari inayokubali fotokopi, kwa herufi kubwa zinazosomeka na aliyeketi nyuma, na toeni leseni huria ili mwalimu anakili, atafsiri na apunguze bila kuvunja sheria. Njia ipo: tovuti za African Storybook na StoryWeaver zimekuwa zikiweka hadithi za watoto katika lugha nyingi kwa leseni za namna hiyo, ikiwemo ruhusa ya kutafsiri na kuchapa. Sehemu kubwa ni hadithi za kubuni. Habari za kweli za historia na michezo bado ni chache, na hapo ndipo fedha zenu zingeonekana. Toleo la nukta nundu na la maandishi makubwa liandaliwe pamoja na la kawaida, lisiwe jambo la kukumbukwa miaka mitatu baadaye. Na zile karatasi za mazoezi za kupakua intanetini, za kuunganisha neno na picha na kupaka rangi, zina matumizi yake siku mwalimu anaumwa. Msizihesabu kama vifaa vya kufundishia kusoma.

Kiongozi cha mwalimu kipungue unene. Kinatueleza tuseme nini dakika ya tano na dakika ya kumi na tano, wakati tunachokosa ni maarifa ya mada yenyewe. Wengi wetu hatukusomea historia wala michezo. Tupeni kurasa mbili za usuli kwa kila mada, zilizoandikwa na anayeijua, pamoja na maswali ambayo watoto huyauliza kweli na majibu yake, au maneno kwamba jibu halijulikani. Namna ya kupanga dakika tutajua wenyewe.

Ninayoyaomba, basi. Waraka wa kukata historia na michezo usitishwe, na shule zilizokwisha kukata zirudishiwe vipindi vyao. Manunuzi yajayo ya vitabu vya kusoma kuanzia darasa la tatu yatake seti za mada, habari tano au sita zinazofuatana juu ya jambo moja, zenye kuchukua wiki mbili hadi tatu, angalau nusu yake ziwe habari za kweli. Jopo linaloidhinisha kitabu cha kusoma likae meza moja na lile la historia na la michezo, kwa sababu leo kila moja linapitisha chake bila kujua jirani amepitisha nini. Upimaji wa kusoma nao uwe na walau kifungu kimoja kinachotoka katika mada zilizofundishwa mwaka huo. Mkitupima kwa mada za kubahatisha tu, mnapima kilichomo nyumbani kwa mtoto kabla ya kupima kilichofanyika shuleni.

Na kabla hamjachapa nakala za kwanza, rasimu zije darasani kwa muhula mzima, katika shule chache za aina tofauti, zikiwemo zile zenye watoto wengi kwenye chumba kimoja. Mje mkae nyuma msikilize watoto wanasema nini wakishamaliza kusoma. Shule yangu iko tayari kuwa mojawapo. Ningependa majibu yenu yatolewe hadharani kama ilivyotolewa barua hii, yakionyesha lipi mnalikubali, lipi mnalikataa na kwa sababu gani, na fungu la fedha la mwaka ujao linasemaje.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa darasa la nne